Mashine ya ubongo haitafungua mkono peke yake

Kwenye simu zetu, kati ya habari za vita na za bei ya unga, kunapita video za wagonjwa waliovalishwa kofia yenye waya. Mtu ambaye mkono wake ulikuwa kama umekufa anafungua vidole, anashika glasi, jamaa wanapiga makofi. Maelezo yanayofuata ni mepesi: ubongo umeguswa kwa sumaku ao kwa umeme kidogo, bila kupasua kichwa, bila damu, na mkono umeamka. Kisha inakuja namba ya simu, jina la mji wa mbali, na bei ya dola.

Si vigumu kuelewa kwa nini video hizo zinagusa moyo. Katika Goma, Bukavu, Uvira, Butembo, Bunia ao Kalemie, kila kata inamjua mtu wa namna hiyo. Ni baba aliyepatwa na AVC, ni kusema kiharusi, na tangu siku ile mkono wake wa kuume umebaki umekunjwa juu ya kifua. Ni mama ambaye mikono inatetemeka hata hawezi tena kumimina chai. Ni karani ambaye vidole vinajifunga kila anaposhika kalamu. Ni mtoto aliyechelewa kulia siku ya kuzaliwa, na leo anatumia mkono mmoja tu. Kwetu mkono ndio mshahara. Mwenye kusukuma chukudu, motari, mwashi, fundi wa nguo, mama wa soko, mwalimu mbele ya ubao: mkono ukisimama, nyumba nzima inasimama.

Kwa hiyo watu wanaouliza kama mashine hizo zinaponya wanastahili jibu la kweli, siyo kucheko wala matangazo. Msimamo wetu ni huu. Njia hiyo ya kuchochea ubongo si uchawi wala uongo mtupu. Ina msingi katika sayansi. Lakini mpaka leo, kwa upande wa mkono, ni msaidizi wa mazoezi. Si dawa inayofanya kazi peke yake. Na katika mashariki mwa Kongo, pale ambapo mazoezi yenyewe hayapatikani, kukimbilia mashine kwanza ni sawa na kununua mbolea bila kuwa na shamba.

Mashine inafanya nini

Tuanze na kanuni yenyewe, kwani anayejua kitu kinavyofanya kazi si rahisi kudanganywa. Mwaka wa 1831, Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inayobadilika inazaa umeme ndani ya waya. Mwaka wa 1985, Anthony Barker na wenzake katika mji wa Sheffield, Uingereza, walitumia kanuni hiyo juu ya kichwa cha mtu. Duara la waya wa shaba linawekwa juu ya fuvu. Umeme mkali unapita ndani yake kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Nguvu ya sumaku inavuka ngozi na mfupa, na ndani ya ubongo inaamsha umeme mdogo. Duara hilo likiwekwa mahali pa ubongo panapoongoza mkono, kidole gumba kinaruka chenyewe.

Mahali hapo si padogo. Katika miaka ya 1930, daktari Wilder Penfield wa Montreal, Canada, alichora ramani ya ubongo iliyoonyesha kwamba mkono na vidole vimepewa nafasi kubwa kuliko kifua na mgongo. Ndiyo maana kidonda kidogo katika ubongo kinaweza kuharibu kazi nyingi za vidole.

Kuna njia ya pili, iliyo nyepesi zaidi. Sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi zinawekwa juu ya kichwa, na umeme wa miliampea 1 ao 2 unapitishwa kwa dakika 20 hivi. Mwaka wa 2000, Michael Nitsche na Walter Paulus katika mji wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba umeme dhaifu hivyo unaweza kufanya seli zinazoongoza mkono ziamke kwa urahisi zaidi, ao kwa ugumu zaidi, na hali hiyo inaendelea kwa dakika kadhaa kisha umeme kuzimwa. Umeme huo haulazimishi kidole kuruka. Unatayarisha tu seli za ubongo.

Kwa mtu aliyepatwa na AVC, watafiti wengi walifuata wazo moja. Ubongo una pande mbili. Upande wa kushoto unaongoza mkono wa kuume, na upande wa kuume unaongoza mkono wa kushoto. Pande hizo zinazuiana, kama watu wawili wanaovuta kamba. Upande mmoja ukiumia, ule mzima unaweza kuvuta kupita kiasi na kuzidi kuuzima ule wenye kidonda. Basi, wakasema, tupige sumaku pole pole juu ya upande mzima, mara moja kwa sekunde, tuutulize. Ao tupige haraka juu ya upande ulioumia, tuuamshe. Ni wazo zuri. Lakini wazo zuri linabaki wazo mpaka lipimwe.

Kipimo kimesema nini

Lilipimwa, na matokeo hayakwenda upande mmoja. Mwaka wa 2020, kundi la wataalamu wa Ulaya lililopitia utafiti wote uliokuwapo liliweka upigaji wa pole pole juu ya upande mzima wa ubongo katika daraja la juu la ushahidi, kwa ajili ya mkono, ikiwa unafanywa katika majuma na miezi ya kwanza kisha AVC. Kwa hiyo anayesema kwamba hakuna kitu hapo, naye anakosea.

Lakini miaka miwili mbele ya hapo, mwaka wa 2018, kulitoka matokeo ya jaribio moja kubwa lililofanywa katika vituo 12 vya Marekani. Wagonjwa 199 waliingizwa, wote wakiwa wamepatwa na AVC miezi 3 mpaka 12 iliyopita, na mkono ukiwa dhaifu. Waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipigwa sumaku ya kweli. Kundi lingine liliwekewa mashine ya kuigiza, inayofanana na ile ya kweli lakini isiyogusa ubongo. Kisha wote, bila tofauti, walifanyishwa mazoezi ya mkono pamoja na mtaalamu, mara 18 katika majuma 6.

Kisha miezi sita, watu 67 kwa mia katika kundi la sumaku ya kweli walikuwa wamepata nafuu inayoonekana. Na katika kundi la mashine ya kuigiza? Walikuwa 65 kwa mia. Ni kusema karibu sawa.

Tusome hesabu hiyo vizuri. Wengine wataona ndani yake kwamba mashine imeshindwa. Sisi tunaona pia jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi: karibu theluthi mbili za watu wenye mkono dhaifu, miezi mingi kisha AVC, walipata nafuu hata bila sumaku. Kitu ambacho makundi yote mawili yalipata kilikuwa kimoja: mtu aliyefundishwa, aliyekaa nao, akawafanyisha mkono kazi mara 18. Mtu huyo ndiye anayekosekana katika hospitali zetu nyingi.

Kwa nini matokeo yanatofautiana? Sababu moja ni wakati: majuma ya kwanza si sawa na mwezi wa kumi. Sababu nyingine ni kwamba vidonda vya ubongo havifanani. Kwa wagonjwa wengine upande mzima unazuia, na kuutuliza kunasaidia. Kwa wengine upande huohuo ndio unaobeba mzigo wa ule ulioumia, na kuutuliza ni kumnyima mgonjwa msaada. Mashine moja ikipangwa kwa namna moja haiwezi kuwafaa wote.

Hata vyombo vipya zaidi vinarudi kwenye mafundisho hayo. Mwaka wa 2021, Marekani ilikubali chombo kinachopandikizwa kifuani kwa kupasua, kinachochochea mshipa wa fahamu wa shingoni kwa watu ambao mkono wao ulidhoofishwa na AVC. Katika jaribio lililoleta ruhusa hiyo, chombo kiliwashwa wakati mgonjwa alipokuwa akifanya mazoezi. Chombo na mazoezi, siyo chombo mahali pa mazoezi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Maneno yanayochanganywa

Wauzaji wanapenda kusema: mashine hii imekubaliwa Marekani. Ni kweli, lakini nusu ya kweli. Ruhusa iliyotolewa kule mwaka wa 2008 kwa mashine ya sumaku ilikuwa kwa ugonjwa wa huzuni nzito, kwa watu ambao dawa hazikuwasaidia. Haikuwa kwa mkono uliopooza. Mtu anayekuonyesha karatasi ya ruhusa, muulize: ruhusa hii ni ya ugonjwa gani?

Tena, mkono unaweza kuharibika kwa njia nyingi, na kila njia ina dawa yake. Kutetemeka kunakotokea mtu anaponyoosha mkono ao anaposhika kikombe mara nyingi kunapungua kwa propranolol, dawa ya zamani na ya bei ndogo inayotumiwa pia kwa tansiyo na kwa moyo, ingawa mwenye pumu haifai kuipewa. Kutetemeka kwa Parkinson, kunakoonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika, pamoja na mwendo kuwa mzito, kunatibiwa kwanza kwa levodopa. Vidole vinavyojifunga wakati wa kuandika vinaweza kusaidiwa na sindano ya botulini. Na kuna mitetemeko inayotokana na tezi ya shingo, na pombe, ao na dawa ambayo mgonjwa anameza kwa ugonjwa mwingine. Kwa magonjwa hayo pia sumaku na umeme vimejaribiwa, lakini mengi ya majaribio hayo yalikuwa madogo. Kabla ya kuuliza mashine iko wapi, tuulize ugonjwa unaitwa nani.

Hapa inaomba tuseme jambo ambalo ni gumu nyumbani kwetu. AVC inakuja ghafula. Mtu anakula vizuri jioni, asubuhi mdomo umepinda na mkono umelala. Ndiyo maana wengi wanasema ni karuho, ni jirani, ni ndugu aliyeona wivu. Mgonjwa anapelekwa kwa mganga wa kienyeji, ao anafungiwa majuma katika chumba cha sala. Hatumzuii mtu kusali. Tunasema tu kwamba majuma hayo ya kwanza ndiyo ubongo unapokuwa tayari zaidi kujipanga upya. Yakipita mkono ukiwa umefungwa katika kitambaa, yamepotea, na hakuna kofia yenye waya itakayoyarudisha.

Vitu vya bei ndogo vilivyopimwa

Habari njema ni kwamba baadhi ya njia zilizopimwa vizuri haziombi umeme wa SNEL wala kontena kutoka Mombasa.

Mwanasayansi Edward Taub wa Marekani alionyesha kwamba mkono dhaifu unaweza kufundishwa kutotumika: mgonjwa anajaribu, anashindwa, anatumia ule mzima, na ubongo unausahau ule mwingine. Dawa yake ilikuwa kuufunga mkono mzima. Jaribio lililotangazwa mwaka wa 2006, lenye wagonjwa 222 katika vituo 7 vya Marekani, lilifuata njia hiyo: kwa majuma mawili walivaa kifuko juu ya mkono mzima karibu muda wote walipokuwa macho, na kila siku ya kazi walizoeza mkono dhaifu mpaka saa 6. Walipata nafuu kuliko wale waliofuata matunzo ya kawaida, na nafuu hiyo ilionekana bado kisha mwaka mmoja. Chombo chenyewe ni kifuko cha kitambaa. Fundi wa nguo wa Virunga ao wa Kadutu anaweza kukishona kwa dakika kumi. Lakini kuna sharti: njia hiyo ni ya watu ambao mkono dhaifu bado unaweza kuinua kiganja na kufungua vidole angalau kidogo.

Kuna pia kioo. Mgonjwa anakaa mezani, kioo kinasimama katikati, mkono dhaifu unafichwa nyuma yake. Anachezesha mkono mzima huku akiangalia ndani ya kioo, na ubongo unaona kama ni mkono mgonjwa unaocheza. Mwaka wa 2018, watafiti waliokusanya matokeo ya masomo 62 juu ya njia hiyo walikuta kwamba inasaidia mwendo wa mkono na mguu kisha AVC. Kioo cha soko kinatosha.

Na kuna kazi za nyumba, ambazo mtaalamu mzuri anajua kuzigeuza mazoezi: kuchambua maharagi na kuyatia moja moja ndani ya kikombe, kukamua nguo, kufunga vifungo vya shati, kukanda unga, kushika mchi na kutwanga sombe. Siri ni kurudia, mara nyingi, kila siku, na kazi kuwa ngumu kidogo kuliko jana.

Hata hivyo, tusiwaambie watu kwamba familia itaweza yote peke yake. Nchini India, jaribio lililotangazwa mwaka wa 2017, lenye wagonjwa 1250 katika hospitali 14, lilifundisha jamaa kufanyisha mazoezi nyumbani kisha AVC. Kisha miezi sita, hakukuwa na tofauti ya vifo wala ya utegemezi kati ya waliofundishwa na wengine. Somo lake ni kwamba upendo wa nyumbani hauchukui nafasi ya mtaalamu anayerudi kuona, kusahihisha na kuongeza. Vilevile haraka kupita kiasi ni mbaya: jaribio la kimataifa la mwaka wa 2015, lenye wagonjwa zaidi ya 2000, lilionyesha kwamba kumwamsha mgonjwa na kumfanyisha mazoezi mengi ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Kuna kipimo, na kipimo kinajulikana na mtu aliyesoma.

Mtu huyo ni mtaalamu wa kinesiterapia, yule tunayemwita kine. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linasema kwamba katika nchi nyingine za kipato kidogo na cha kati, wataalamu wa kurudisha uwezo wa mwili hawafikii 10 kwa watu milioni moja, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaohitaji kazi yao hawaipati. Hapa mashariki mwa nchi, kuna mahali ambapo kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi, kama Heri Kwetu kule Bukavu na Shirika la Umoja kule Goma. Lakini mgonjwa wa Shabunda, wa Walikale ao wa Mambasa, atafika huko kwa njia gani, na kwa pesa gani?

Hatari ambazo ni zetu zaidi

Kuchochea ubongo si hatari kubwa kwa mtu aliyechunguzwa vizuri. Wengi wanapata tu maumivu kidogo ya kichwa ao mwasho wa ngozi. Lakini kuna masharti mawili ambayo kwetu yana uzito wa pekee.

La kwanza ni kifafa. Sumaku inayopigwa mara nyingi inaweza, kwa nadra, kuamsha kifafa, na mwenye kifafa yuko katika hatari zaidi. Katika vijiji vingi vya nchi yetu, kifafa si nadra. Kule Ituri, watafiti wamekuta kifafa kingi pale ambapo ugonjwa wa upofu wa mito umeenea. Na AVC yenyewe inaweza kuacha kifafa nyuma yake.

La pili ni chuma. Haifai kupiga sumaku hiyo juu ya kichwa chenye kipande cha chuma, wala karibu na chombo cha umeme kilichopandikizwa mwilini. Katika nchi ambayo imepita miaka 30 ya vita, ni wangapi wanaotembea na kipande cha bomu ao cha risasi bila hata kujua kiko wapi? Anayeweka duara la sumaku juu ya kichwa cha mkaaji wa Kivu bila kumuuliza habari hiyo, na bila picha pale kunapokuwa na mashaka, hajui kazi yake.

Na tuwaonye vijana wenye ufundi. Ile njia ya sponji inaonekana rahisi: betri, waya, maji ya chumvi. Kuna watu katika nchi nyingine wanaojitengenezea vyombo hivyo nyumbani. Umeme usiopimwa unaunguza ngozi, na ukiwekwa mahali pasipofaa unaweza kuzuia badala ya kusaidia. Kichwa cha baba si radio ya kujaribia.

Tunachoomba

Kuna watakaotuambia kwamba tunawanyima Wakongomani vitu vizuri, kwamba tunataka vioo na maharagi kwa maskini, na mashine kwa matajiri. Uchungu huo tunauelewa. Lile duara la sumaku ni la shaba, na shaba inatoka Lualaba na Haut-Katanga kwenda kutumika duniani kote. Hakuna sababu ya mtoto wa nchi hii kuwa wa mwisho kila siku. Lakini hatusemi mashine isije. Tunasema ikija mbele ya kine, itakaa ndani ya kartoni, ao itakamua pesa za wagonjwa bila kuwaponya. Hata Marekani penye mashine, mkono ulisogea kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuufanyisha kazi.

Kwa serikali na kwa wizara ya afya, tunaomba mambo manne. La kwanza, kila hospitali kuu ya eneo la afya iwe na angalau kine mmoja anayelipwa mshahara, siyo anayeishi kwa sarafu za wagonjwa. Vijana wanasomeshwa katika vyuo vyetu, na inaomba wapewe kazi. La pili, mpango wa afya kwa wote ulioanzishwa mwaka wa 2023 kwa uzazi wa bure uingize siku moja matunzo ya kurudisha uwezo wa mwili. Mwezi wa tano wa mwaka huo wa 2023, mkutano wa OMS ulipitisha azimio la kutaka matunzo hayo yawe ndani ya mifumo ya afya ya nchi. Azimio bila bajeti ni karatasi. La tatu, kipimo cha tansiyo kiwe katika kila kituo cha afya, kinachofanya kazi, na dawa za tansiyo zisikosekane, kwani tansiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya AVC inayoweza kuzuiwa. La nne, matangazo ya mashine za ubongo yachunguzwe kama matangazo ya dawa yanavyopaswa kuchunguzwa.

Kwa vyuo vikuu, na kwa kituo cha magonjwa ya ubongo cha CNPP kule Kinshasa, tunaomba utafiti. Mengi tunayoyajua yametoka kwa wagonjwa wa Ulaya, Marekani na Asia. Kama njia hii inaweza kusaidia mkono wa Mkongomani, ithibitishwe hapa, chini ya kamati ya maadili, kwa wagonjwa waliokubali wenyewe na wasiolipa. Anayemlipisha mgonjwa dola na kumwambia ni utafiti, anafanya biashara.

Kwa wale wanaoshika silaha na kwa wale wanaowaongoza, jambo moja tu: barabara na viwanja vya ndege viachwe wazi kwa wagonjwa na kwa dawa. AVC haiulizi mtu yuko upande gani wa mstari wa vita.

Na kwa familia. Mtu wenu akipindika mdomo ghafula, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Kisha siku za kwanza, muulizeni daktari ni nani atakayefanyisha mkono huu kazi, na mara ngapi kwa juma. Kabla ya kuuza kiwanja ao ng'ombe kwa safari ya Kampala, Nairobi ao India, ulizeni maswali matatu: ugonjwa wetu unaitwa nani; mashine hii imepimwa kwa ugonjwa huo, ikilinganishwa na mashine ya kuigiza; na ni mazoezi gani yatakayofuata, pamoja na nani, tukirudi nyumbani. Anayejibu vizuri maswali hayo msikilizeni. Asiyejibu, ama anayekasirika kwa kuulizwa, mwacheni na kofia yake.

Pesa ya kiwanja inaweza kulipa kine kwa miezi mingi. Anzeni hapo.